Kundi la kutafakari na "nishati": utajuaje kama ni kalti?

Ukweli_Tu (mwanzisha mada)

Wakuu, habari za wakati huu. Naomba msaada wa wanaolijua jambo hili kwa undani.

Mtu wangu wa karibu amejiunga na kundi linalofundisha kutafakari, mazoezi ya kupumua, kusafisha "nishati" kwa fuwele na kukumbuka maisha ya zamani. Hawajiiti dini. Kwa nje yote yanapendeza: darasa la kwanza bure, watu wapole, mwalimu msikivu. Lakini kuna ngazi, na yanayofundishwa ngazi za juu hawaambiwi walio chini. Asiyefika kikaoni huambiwa "mtetemo wake umeshuka". Sasa yanakuja mafungo ya siku saba, mahali hapajatajwa, na simu zitakusanywa mlangoni.

Je, hizi ni dalili tosha za kalti, yaani kundi linalomteka mtu akili na maisha? Kuna kipimo kinachoeleweka, au kila mtu anapima kwa hisia zake? Na anayetaka kulichunguza kundi kabla ya mafungo aanzie wapi? Sitaki kumtukania mtu imani yake. Fuwele na maisha ya zamani si ugomvi wangu.

Mzamivu

Hapo mwishoni ndipo pa kuanzia, mkuu. Imani peke yake haikuambii kitu. Wapo wanaoamini mambo ya ajabu kuliko fuwele na bado wako huru: wanalala makwao, fedha zao wanazipanga wenyewe, wakichoka wanaaga na hakuna anayewasusa. Wapo pia waliojiunga na mafunzo ya "kujiendeleza" yasiyotaja roho wala malaika, wakaishia kumilikiwa. Kwa hiyo pima mwenendo: kundi linamfanya nini mtu anapokataa, anapouliza na anapoaga.

Vipimo vipo. Kinachotajwa zaidi ni cha Robert Jay Lifton, daktari wa magonjwa ya akili wa Marekani aliyewahoji watu waliopitia "kurekebishwa fikra" nchini China, na mwaka 1961 akaeleza alama nane za mazingira yanayomteka mtu kikamilifu. Sitazipitia zote. Kwenye makundi ya nishati, nne ndizo huchomoza mapema.

Kwanza lugha. Kila fani ina msamiati wake, hilo si kosa. Tatizo ni neno linapotumika kufunga mjadala. Ukiuliza fedha zinakwenda wapi, unaambiwa hiyo ni nafsi yako inajitetea. Ukisema umechoka, mtetemo umeshuka. Ukilia, unasafika. Hakuna hali yako hata moja inayoruhusiwa kuwa na maana yake ya kawaida. Mwombe mwanachama akueleze alichojifunza wiki hii bila kutumia neno lolote la kundi. Aliye huru atasitasita kidogo kisha ataeleza. Aliyebanwa atarudia maneno yaleyale, au atasema huwezi kuelewa mpaka uingie.

Pili, fundisho kuwekwa juu ya mtu. Usafishaji ukimsaidia mwanafunzi, sifa kwa mwalimu. Usipomsaidia, hakujitoa vya kutosha, na tiba yake ni kozi nyingine. Muulize kiongozi kwa adabu: ni matokeo gani yangewafanya mseme njia hii haimfai mtu fulani? Mwalimu mwaminifu ana jibu mdomoni, kwa sababu ameshawahi kuwaambia watu waende kwingine. Asiye na jibu amejenga mfumo usioweza kushindwa, na ndani ya mfumo wa namna hiyo anayeshindwa siku zote ni mwanafunzi.

Tatu, kuungama. "Kuachilia majeraha" huwafanya watu wamwage siri nzito mbele ya wageni, mara nyingi ndani ya wiki za mwanzo. Uliza siri hizo zinaandikwa au kurekodiwa, nani anazitunza, na kama mwalimu naye huungama kwa kundi au ni wanafunzi tu. Ndani ya NXIVM, kundi la Marekani lililojitangaza kuwa la mafunzo ya mafanikio, wanawake wa duara la siri walitakiwa kukabidhi picha za utupu na maelezo ya kuwaharibia sifa wao na jamaa zao, yakaitwa "dhamana". Kiongozi wake, Keith Raniere, alihukumiwa kifungo cha miaka 120 mwaka 2020.

Nne, kuwagawa wanadamu: walioamka na waliolala. Mwanzoni ni maneno tu. Baadaye familia "ina nishati nzito", kisha ziara za nyumbani zinapungua, kisha misiba na harusi zinakosekana. Fuatilia hatua hizo tatu. Zikifuatana kwa mpangilio huo, usingoje zaidi.

Kipimo kingine ninachokiheshimu ni cha Isaac Bonewits, cha mwaka 1979. Yeye mwenyewe alikuwa kuhani wa upagani mamboleo, kwa hiyo hakuwa na sababu ya kuwapiga vita watu wa fuwele. Alitengeneza orodha ya sifa, kila moja hupewa alama 1 hadi 10: kiongozi anavyodai hekima, michango, udhibiti wa habari, kutenga watu, matumizi ya ngono, juhudi za kuwazuia wanaoondoka, hofu ya maadui, hata ukosefu wa ucheshi, yaani kundi lisiloweza kucheka mambo yake lenyewe. Kosa la watu wengi ni kuijaza kwa hasira, wakatoa 9 kila mahali. Jazeni watu wawili bila kuonyeshana, na kando ya kila alama andikeni tukio mlilolishuhudia, si mlilolihisi. Pasipo tukio, acheni wazi. Rudieni baada ya miezi mitatu. Kundi lililotoka 3 kwenda 6 linanitia wasiwasi kuliko lililokaa 5 miaka yote.

Mtakutana pia na kipimo cha Steven Hassan, kinachoangalia udhibiti wa tabia, taarifa, fikra na hisia. Kinafaa kwa kukusanya dalili. Udhaifu wake ni kwamba ukikisoma harakaharaka hata timu ya mpira au jeshi litaingia humo.

Kuhusu ngazi. Aum Shinrikyo ya Japani ilianza mwaka 1984 kama darasa la yoga. Tarehe 20 Machi 1995 watu wake waliachia gesi ya sarini ndani ya treni za chini ya ardhi za Tokyo. Waliojisajili yoga hawakujisajili sumu. Walipandishwa ngazi moja moja, na kila ngazi ilidai zaidi kidogo tu ya ile ya chini yake. Ndiyo maana darasa la kwanza halikuambii lolote juu ya kundi. Uliza wa ngazi ya juu kabisa wanaishi wapi, wanafanya kazi gani, na mara ya mwisho walikuwa na ndugu zao lini.

Zamu_ya_Usiku

Naongeza upande wa mwili, maana hapo ndipo hata watu wenye akili zao hunaswa. Wanachohisi ni kweli. Tafsiri wanayopewa ndiyo ya uongo.

Kupumua kwa nguvu na haraka kwa dakika kadhaa hutoa kaboni dioksaidi mwilini kuliko inavyotengenezwa. Damu inapungua asidi, mishipa ya damu ya ubongo inasinyaa, na kalsiamu iliyo huru kwenye damu inashuka. Matokeo yake ni ganzi midomoni na mikononi, vidole kukakamaa na kujikunja, kizunguzungu, kulia au kucheka ghafla, wengine kuona mwanga. Mtu yeyote akipumua hivyo atayapata, aamini au asiamini. Mwalimu mwaminifu hueleza hilo kabla ya zoezi, na huwazuia wenye kifafa, wajawazito, wenye maradhi ya moyo na waliowahi kuugua saikosisi (ugonjwa wa akili unaomtenga mtu na uhalisia). Asiye mwaminifu hunyamaza, kisha vidole vinapokakamaa anatangaza kwamba nguvu imeshuka, na papo hapo anafungua usajili wa ngazi inayofuata.

Kunyimwa usingizi ni silaha kubwa kuliko hiyo, na haizungumzwi. Mtu aliyekesha saa 24 hupoteza umakini kwa kiwango kinacholingana na kilevi cha asilimia 0.10 kwenye damu, kiasi ambacho nchi nyingi humkataza kuendesha gari. Mwombe mwandaaji ratiba ya mafungo kwa maandishi, kisha hesabu mwenyewe: kikao cha mwisho kinaisha saa ngapi, cha kwanza kinaanza saa ngapi? Kinachoisha saa saba usiku na kuanza tena saa kumi alfajiri kinawaachia watu saa tatu, ukitoa kuoga na kujipanga ni mbili na kitu. Siku ya tatu ya ratiba hiyo mtu atalia kwa lolote na atasaini lolote. Kwa hiyo weka sharti kabla ya kuondoka nyumbani: hakuna kusaini, hakuna kulipa, hakuna kuahidi chochote mpaka upite usiku kadhaa wa kulala kwenu.

Kufunga na joto. Oktoba 2009 huko Sedona, Arizona, watu 3 walifariki kutokana na hema la jasho, yaani ibada ya kukaa ndani ya hema lenye joto kali, lililoongozwa na James Arthur Ray, mwalimu wa mafanikio aliyekuwa na jina kubwa. Washiriki walikuwa wametoka kwenye mfungo wa saa 36 bila chakula wala maji, na ndani ya hema walihimizwa kuvumilia. Alitiwa hatiani mwaka 2011 kwa kusababisha vifo kwa uzembe. Mwili uliokosa maji hauwezi kutoa jasho la kutosha kujipoza, na anayeanza kuchanganyikiwa kwa joto ndiye wa mwisho kujua kwamba amechanganyikiwa. Ndiyo sababu "toka ukitaka" haitoshi kuwa kinga. Lazima awepo mtu asiyeshiriki, mwenye mamlaka ya kusimamisha zoezi hata mwalimu akikataa.

Dawa za hospitali: hapa sina mjadala. Anayemwambia mtu aache insulini, dawa za kifafa, za moyo au za akili kwa sababu "zinaziba nishati" amejitambulisha. Mwenye kisukari cha aina ya kwanza anaweza kufika kwenye hatari ya kufa ndani ya siku moja au mbili bila insulini. Mwenye kifafa akiacha ghafla anaweza kuingia kwenye degedege lisilokatika. Dalili hii ikiwepo, huna haja ya kujaza jedwali la Bonewits. Vilevile angalia wanachokunywa. Kiongozi wa kundi la Love Has Won, aliyekufa mwaka 2021 Marekani, alikunywa maji yenye chembe za madini ya fedha kwa muda mrefu hadi ngozi ikageuka rangi ya kijivu-samawati, na wafuasi wakaisoma rangi hiyo kama ishara ya utukufu.

Kuhusu simu mlangoni: kukusanya simu kwa ajili ya ukimya si hatari kwa yenyewe. Swali ni kama unaweza kurudishiwa saa yoyote bila kujieleza. Siku ya kwanza, mapema, mtu wako aiombe kwa jambo dogo la nyumbani. Akipewa bila maneno, vizuri. Akiitiwa watu wawili wa kumshauri, ameshajua yuko wapi. Kabla ya hapo anapaswa kuwa na anwani kamili, namba ya simu ya eneo lenyewe ambayo nyumbani wameshaipiga ikapokelewa, usafiri wake mwenyewe wa kurudi, fedha taslimu, na dawa zake mfukoni mwake badala ya "kuhifadhiwa na uongozi". Mahali pasipotajwa mpaka siku ya safari, mimi ningemshauri asiende.

Mtafakari

Nakubaliana na mengi hapo juu, ila tusije tukawafagia wote. Njia nyingi za kiroho za tangu zamani zina ukali wake: kuamka alfajiri, kunyamaza, kutii mwalimu, kutoa mali. Ukipima kwa ukali tu utaziita zote kalti.

Tofauti iko kwenye mambo mawili. La kwanza ni kwamba sheria zinajulikana zote kabla ya kuingia. La pili ni muda. Sheria za Kanisa Katoliki, kwa mfano, zinataka anayetaka kuwa mtawa akae unovisi (kipindi cha majaribio) usiopungua miezi 12, kisha aweke nadhiri za muda kwa miaka isiyopungua 3 kabla ya zile za daima. Yaani taasisi yenyewe inamlazimisha mtu afikirie tena na tena, na katikati ya muda huo akiondoka haitwi msaliti. Kundi la hatari hufanya kinyume: linakuharakisha. Nafasi zinaisha leo, lango la nyota linafungwa usiku huu, uliyemkuta ni mwenza wa roho yako basi hama wiki hii.

Chukueni pia kozi za Vipassana, aina ya kutafakari, za siku 10 katika mkondo wa S. N. Goenka. Hakuna kuzungumza, simu zinakabidhiwa, kuamka ni saa kumi alfajiri. Kwa orodha ya harakaharaka zingeonekana mbaya sana. Lakini ratiba na masharti yametangazwa wazi kwa yeyote kuyasoma kabla ya kujaza fomu, hakuna ada, na mchango hupokelewa tu kwa aliyekwisha kumaliza kozi. Hilo haliondoi tahadhari ya kiafya: kutafakari saa nyingi kwa siku kunaweza kumvuruga mtu mwenye historia ya saikosisi, kwa hiyo kozi yoyote ya namna hiyo isiyouliza historia ya afya ya akili kwenye fomu haijui kazi yake.

Kuna swali ninaloliamini kuliko yote: mwalimu anafungwa na nini? Watawa wana abati (mkuu wa monasteri), na abati ana sheria iliyo juu yake. Je, huyu wenu ana mtu yeyote anayeweza kumsimamisha kazi kesho? Kama hakuna bodi, hakuna mwalimu wake aliye hai, hakuna wenzake wanaomkosoa kwa jina, basi hata akiwa mtu mwema leo, siku akiharibika hakuna breki. Na akilala na wanafunzi wake huku akiliita hilo "uponyaji" au "kuunganisha nishati", usitafute tafsiri nyingine. Mwanafunzi aliyefundishwa kwamba kusita kwake ni nafsi inayojitetea hana namna ya kutoa ridhaa huru.

Karani_wa_Nyaraka

Mkuu uliuliza aanzie wapi. Aanzie kwenye karatasi, kwa sababu hazina tabasamu.

Tafuta jina la kisheria la kundi. Huwa haliko kwenye bango. Liko kwenye risiti, kwenye akaunti ya malipo, au chini kabisa ya tovuti. Kama malipo yanakwenda kwenye akaunti binafsi ya kiongozi au ya mwenzi wake, andika hilo. Nenda kwenye msajili wa makampuni au wa asasi wa nchi husika, angalia nani wakurugenzi, na majina hayohayo yameshaendesha nini hapo awali. Kubadili jina la kundi kila baada ya miaka michache ni jambo la kuulizwa sababu.

Majina ya kiroho ni ukuta. "Mwalimu Nuru ya Jua" hana rekodi mahakamani. Mwenye jina la kuzaliwa anaweza kuwa nayo. Anayekataa kabisa kutaja jina lake la kisheria huku akipokea fedha za watu, simama hapo. Ukilipata, litafute pamoja na maneno kama kesi, malalamiko, aliyekuwa mwanachama. Pitia pia nakala za zamani za tovuti yao kwenye Wayback Machine, inayohifadhi kurasa tangu mwaka 1996. Linganisha wasifu wa kiongozi wa wakati ule na wa sasa. Mtu ambaye alikuwa mkufunzi wa mauzo, kisha mganga wa fuwele, kisha mjumbe wa nyota, acha nakala zenyewe zikueleze hatua zilivyopangwa.

Omba bei ya ngazi zote kwa maandishi, kuanzia ya chini hadi ya mwisho, kabla ya kulipa ya kwanza. Shule yoyote inaweza kukupa. Jibu la "bei ya ngazi hiyo utaijua ukiwa tayari" maana yake unapimwa uwezo wa kulipa. Ongeza na gharama zisizotajwa: mafungo, vifaa, fuwele zinazopaswa kununuliwa kwao tu, na saa za kazi za kujitolea. Hizo saa zihesabu kama fedha. Anayesafisha, kupika na kujibu ujumbe wa kundi saa 20 kwa wiki bila malipo anafanya nusu ya ajira kamili.

Kuhusu waliotoka: watafute wewe mwenyewe, usipewe majina na kundi. Watatu angalau, walioondoka miaka tofauti na ngazi tofauti. Waulize mambo ya tarehe na vitendo: ulipoaga nani alikupigia, walisema nini, ulirudishiwa nini, marafiki wangapi wa mle ndani bado mnaongea. Mmoja anaweza kuwa na kinyongo chake. Watatu wasiojuana wakisimulia utaratibu uleule wa kuzuiwa, huo si uchungu wa mtu mmoja. Na kama kundi lina miaka mingi lakini linasema hakuna aliyewahi kuondoka vizuri, kwamba wote waliotoka ni wagonjwa au waongo, limejibu swali lenyewe.

Soma fomu ya mafungo neno kwa neno. Kukubali kutodai fidia ya ajali ni kawaida. Kisicho kawaida ni kukatazwa kuzungumzia yaliyotokea, faini ukiyasema, ruhusa ya kukurekodi wakati wa kuungama, au kipengele cha kukabidhi mali.

Ukweli_Tu

Asanteni sana wakuu. Nina mawili ya nyongeza. Sehemu kubwa ya shughuli zao ni mtandaoni, matangazo ya moja kwa moja ya saa nyingi na kundi la ujumbe lisilolala. Je, bila kukaa pamoja udhibiti unawezekana? Na nikishapata majibu haya, naanzaje mazungumzo bila kumpoteza?

Mzamivu

Mtandaoni inawezekana kabisa, na ni rahisi kuficha kwa sababu mtu anaonekana yuko nyumbani. Kuta zinakuwa ni muda. Angalia kama anatakiwa kuripoti kila siku alichowaza, kama kuchelewa kujibu kunaitishiwa maelezo, kama kuna "mlezi" wa ngazi ya juu anayemwandikia pembeni, kama matangazo yanapita usiku wa manane mfululizo, na kama anayeuliza swali gumu hufutwa na ujumbe wake ukatoweka bila kutajwa tena. Jaribio lake ni kuzima kwa saa 72 bila kuaga. Akirudi akakuta "tulikukumbuka, u mzima?" mara moja, ni ubinadamu. Akikuta jumbe kumi na tano, mlezi aliyekasirika na kikao cha kumsafisha, aliloliona ni la thamani kuliko ushauri wetu wote.

Kuhusu mazungumzo: usimdhihaki na usimwekee sharti la "mimi au wao". Mwaka 1959 Elliot Aronson na Judson Mills walionyesha kwamba waliopitishwa kwenye jaribio la aibu kabla ya kupokelewa kwenye kikundi cha majadiliano walikithamini kuliko waliopokelewa kirahisi, ingawa majadiliano yenyewe yalitengenezwa kwa makusudi yawe ya kuchosha. Mtu huthamini kilichomgharimu. Dhihaka yako inakuwa gharama nyingine aliyoilipa kwa ajili ya kundi, na tena inathibitisha utabiri wa mwalimu kwamba "waliolala" watamsumbua. Nguvu ndiyo mbaya zaidi: miaka ya 1970 Marekani watu kama Ted Patrick waliwateka wafuasi na kuwafungia ili wabadilishwe mawazo. Patrick mwenyewe alifungwa, na baadhi ya waliotekwa walirudi kwenye makundi wakiwa na sababu halali ya kuziogopa familia zao.

Kinachofaa ni maswali machache yenye nafasi ya kimya baada yake. "Ukiamua kupumzika miezi miwili, watakuambiaje?" "Ni kitu gani kikitokea wewe mwenyewe utaona umefika mwisho?" Hilo la pili mwombe aliandike sasa, akiwa na furaha nao, alitunze kwake, asikupe. Mpaka ulioandikwa kabla una nguvu kwa sababu ni wake. Usitoe fedha za kozi, lakini nauli ya kurudi nyumbani iwepo saa yoyote na ajue ipo. Na endeleeni kuzungumza mambo ya kawaida: watoto, kazi, ugonjwa wa shangazi. Akianza kuwa na mashaka atahitaji mtu wa kumpigia ambaye hatasema "nilikwambia".

Karani_wa_Nyaraka

Na ikifika siku ya kutoka, mpangilio ndio unaookoa. Asitangaze kwanza. Aanze kwa kunakili ushahidi: risiti, jumbe, mikataba, majina ya walioshuhudia, vyote vikae mahali ambapo akaunti ya kundi haifiki. Kisha achukue vitambulisho na hati zake kama ziko kwao. Kisha abadili nywila, aondoe vifaa visivyo vyake kwenye akaunti za barua pepe, azime kushiriki mahali alipo. Malipo ya kila mwezi ayasimamishe kupitia benki au kampuni ya simu, asingoje kundi lisimamishe. Kama alikabidhi picha au siri na anatishiwa nazo, asilipe na asifute vitisho. Hivyo ni ushahidi wa kosa la jinai katika nchi nyingi, na polisi au wakili waone vikiwa kamili.

Ujumbe wa kuaga uwe mistari miwili: najiondoa kuanzia leo, naomba msiwasiliane nami wala kutumia taarifa zangu. Asieleze kwa nini, maana kila sababu itaitishiwa kikao cha kuijibu, na kikao cha mwisho cha "kufunga nishati" ana kwa ana akikatae hata akiitwa na anayempenda zaidi mle ndani.